Maziwa ya Mjane

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtoto mchanga akilia. Ni siku tuliyomzika dada yangu Kanana kule Githongo, pembeni ya kahawa ya mumewe. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kukoma, na kabla gari halijapatikana la kumpeleka hospitali, akawa ameshakwenda.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mkwe wake alikuja pale tulipoketi mimi na mama. Alikuwa amebeba mtoto ndani ya shuka. Alimweka mapajani mwa mama yangu kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima.

"Huyu mchukue, mama," alisema. "Sisi hapa hatuna mtu wa kumlea. Hata ng'ombe yetu imekauka."

Mama alimwangalia shemeji yangu, baba wa mtoto. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake. Basi mama akafunga mtoto kifuani, tukatafuta lori la kuturudisha nyumbani Ruiri. Watu wale wa Githongo hawakuwahi kuja kumwona mtoto wao. Hata jina hawakumpa. Mama ndiye aliyemwita Kendi, yaani mpendwa, labda kwa sababu aliona wazi kwamba hakuwa na mwingine wa kumpenda duniani.

Sasa nikueleze mama yangu alikuwa nani. Watu walimwita Mama Kanana, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya mzaliwa huyo kuingia kaburini. Alikuwa mjane. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo, akatuachia shamba la maharagwe, mbuzi wachache, na jina safi. Mimi, Karimi, ndiye niliyekuwa kitinda mimba, na wakati huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, tayari nimechumbiwa. Kwa hiyo hesabu mwenyewe ni muda gani titi la mama lilikuwa halijaguswa na mtoto.

Kendi alikataa maziwa ya mbuzi. Maziwa ya ng'ombe tuliyopewa na jirani yalimharisha mpaka macho yakaingia ndani. Maziwa ya mkebe yalimfaa kidogo, lakini duka lilikuwa mbali na mkebe ulikwisha upesi. Alilia hadi sauti ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Siku moja mama alichoka kumsikia. Akafungua kifua, akamtia titi mdomoni, kumnyamazisha tu, jinsi watu wa siku hizi wanavyompa mtoto chuchu ya mpira. Kendi alishika akanyonya, akanyonya titi tupu, akalala.

Jirani yetu Ciokaraine, mkunga mzee aliyetuzalisha sisi sote, aliingia akaikuta hali hiyo. Mama aliona aibu akataka kujifunika.

"Usimwondoe," Ciokaraine alisema. "Mwaka wa njaa ile kubwa, nikiwa msichana, nilimwona nyanya mmoja akinyonyesha mjukuu wake mpaka mtoto akatambaa. Mwache anyonye kila anapotaka, hata kama hakuna kitu. Na wewe ule. Karimi, mpikie mama yako njahi na uji wa wimbi, na asikose maji."

Mwanangu, nilipika. Nilipika njahi, maharagwe yale meusi ya wazazi, mpaka nikachukia harufu yake. Mama alikula akiwa na huzuni ya kufiwa, akila kama mtu anayefanya kazi ya kulazimishwa. Chuchu zilipasuka. Kila Kendi aliposhika, mama aliuma pindo la leso na machozi yakamtoka, na sikujua lipi lilikuwa chozi la titi na lipi la Kanana. Nilimwambia aache, mtoto anamwumiza bure. Alinijibu, "Uchungu huu angalau una kazi."

Kisha asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi.

"Karimi! Njoo uone!"

Nilitupa mwiko nikakimbia. Kwenye ncha ya titi palikuwa na tone, zito, la rangi ya manjano hafifu. Mama alilipangusa kwa kidole, likaja jingine. Akacheka. Halafu akalia kwa kwikwi, amemkumbatia mtoto, mimi nimesimama sijui nicheke au nilie. Siku zilizofuata matone yakawa maziwa, maziwa yakawa mengi, na Kendi akaanza kuwa na mashavu.

Nimeishi siku nyingi, nami nimeona mwili wa binadamu ukifanya mambo yake. Nimemwona mzee aliyekatwa mguu akiomba akunwe kidole ambacho hakipo. Nimemwona mwanamke mwembamba akiinua gogo lililomlalia mwanawe, na kesho yake akashindwa hata kulisogeza. Lakini sijaona la kushinda hilo la mama yangu. Na laiti lingeishia hapo, ningekuwa nakusimulia hadithi ya furaha. Halikuishia hapo.

Siku ya soko mama aliniachia mtoto nyumbani, akaenda kuuza maharagwe. Ndivyo alivyozoea, kwenda na kurudi upesi. Siku hiyo nilimfuata baadaye kidogo, Kendi nikiwa nimembeba mgongoni, kwa sababu alikuwa ameamka mapema. Kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu.

Karibu na mama aliketi Bi Zeinabu, mke wa mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, ambaye alikuja kila siku ya soko kuuza chumvi na vitambaa. Alikuwa na mtoto wake mdogo. Mtoto yule akaanza kulia kwa njaa. Na hapo, mbele ya wateja, gauni la mama likalowa pande zote mbili za kifua. Mwili ulikuwa umesikia mtoto analia, haukuuliza ni wa nani.

Ng'ambo ya pili aliketi Mama Mugambi, kiongozi wa kina mama wa kanisa letu. Alikuwa na jicho ambalo halikupitwa na kitu.

"Mama Kanana, umemwagikiwa na nini?"

Mama yangu hakujua kudanganya. Wala hakuona sababu. Alisema kwa haya kidogo, na ndani yake, naapa, kulikuwa na fahari, "Ni maziwa."

Wateja wakageuka kumtazama.

"Maziwa," Mama Mugambi alirudia. "Wewe mjane. Maziwa ya nani?"

"Ya mjukuu wangu. Ya Kendi. Alinyonya mpaka yakaja."

Wanawake walitazamana. Mmoja alicheka puani. Bi Zeinabu peke yake ndiye aliyesema neno la heri. Alijitanda leso yake vizuri, akamwambia mama, "Alhamdulillahi. Sisi kwetu, aliyekunyonyesha ni mama yako mbele ya Mungu. Mtoto huyo amepata mama wa pili." Lakini Bi Zeinabu alikuwa mgeni, tena wa dini nyingine, na neno la mgeni katika kijiji halina kiti cha kukalia.

Kabla ya Jumapili, habari ilikuwa imefika kila jiko. Haikufika kama ilivyotoka. Ilisemwa kwamba titi halitoi maziwa bila tumbo kubeba. Kwa hiyo tumbo lilibeba. Kwa hiyo mjane alikuwa na mwanamume. Na kama tumbo lilibeba na hakuna aliyemwona mtoto mwingine, basi mtoto huyo amefukiwa wapi? Wengine walisema Kendi si wa Kanana hata kidogo. Watu waliokuwa nasi mazishini Githongo, waliomwona mtoto akikabidhiwa, waliyasikia hayo wakatikisa vichwa kama wanaokubali. Walipenda kunukuu methali, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mwanangu, methali nyingi ni dhahabu, lakini hiyo sitaki kuisikia nyumbani kwangu. Lililosemwa juu ya mama yangu halikuwapo, wala halikuja.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, wazee wa kanisa walimwita mama abaki. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee M'Ikiugu. Naye, usisahau, alikuwa baba yake Mutwiri, mwalimu kijana wa shule ya msingi aliyekuwa amenichumbia. Asali ya posa, ile inayofunga uchumba, ilikuwa imeshaletwa kwetu na kuonjwa. Nilibaki na mama, na Ciokaraine akaingia na fimbo yake akaketi nyuma bila kualikwa.

"Mama Kanana," Mzee M'Ikiugu alianza, "hatukuiti kwa ubaya. Tunataka utuambie ukweli, tukuombee. Mjane hana maziwa. Maziwa yana baba."

"Mzee," mama alisema, "haya hayana baba. Haya yana mtoto tu. Huyu hapa."

"Hiyo ni lugha ya kutuzungusha."

Ciokaraine alisimama. Aliwaeleza juu ya nyanya wa mwaka wa njaa. Aliwaambia alikuwa anaingia nyumbani kwetu karibu kila siku, na kama kungekuwa na mimba, yeye angeiona kabla ya mwenyewe. Alisema waende hospitali ya mjini wakaulize. Walimsikiliza mpaka mwisho, ndiyo, kwa sababu ya mvi zake. Kisha mzee mmoja akasema, "Nyanya, wewe hujaokoka. Mambo ya kanisa hatuyapimi kwa mambo ya zamani." Basi. Hospitali hakwenda mtu. Mji haukuwa mbali, na baiskeli zilikuwa nje zimeegemezwa ukutani.

Wakampa mama masharti. Akiri dhambi yake mbele ya washirika, aache kumnyonyesha mtoto, na baada ya muda wa toba atarudishwa. Akikataa, atatolewa kwenye meza ya Bwana na kwenye chama cha kina mama.

"Nikiacha kumnyonyesha atakula nini?" mama aliuliza.

Mama Mugambi, aliyekuwa ameketi na wazee, alisema, "Mungu ndiye hulisha."

"Ndiye amemlisha," mama alisema.

Alifungua kitambaa cha kichwa cha kina mama wa kanisa, kile alichokifua na kukinyoosha kila Jumamosi. Alikikunja taratibu, akakiweka mezani mbele ya Mzee M'Ikiugu, akanipokea mtoto tukatoka. Kichwa chake kilikuwa na mvi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa sijakiona wazi nje ya nyumba yetu tangu nizaliwe.

Mutwiri alinijia juma hilo hilo. Alinikuta nikichota maji. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyetumwa.

"Karimi, si mimi," alisema. "Ni wazee. Baba amesema haiwezekani."

"Na wewe mwenyewe unasema nini? Unaamini?"

"Mimi siamini wala sikatai. Lakini nitafanya kazi hapa, nitaishi na watu hawa."

"Basi ishi nao," nilimwambia. Nikajitwika mtungi. Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima, nami sikuyahisi.

Nilifika nyumbani nikautua, nikafunga leso kiunoni. Nilikuwa nakwenda kwa Mama Mugambi. Nilikuwa na maneno tayari, mengine ningeona aibu kukutajia hata leo. Mama alikuwa mlangoni, Kendi kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia yule mwanamke yeye ni nani."

"Keti."

"Mama, wamekuvua nguo mbele ya watu! Wamenivunjia ndoa!"

"Nimesema keti. Ukienda, utarudi na mdomo mchafu, na wao watasema, mmeona, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nimemzika mwana mmoja. Huyu hapa yu hai. Kati ya jina langu na huyu nilichagua, na sikuchagua nikiwa usingizini. Usinifanye nijute kwa kukupoteza wewe. Sasa koka moto, nina njaa, na nikiwa na njaa huyu ana njaa."

Nilikoka moto. Huo ndio ukali pekee alioutumia katika mambo yale yote, na aliutumia kwangu mimi.

Kendi alinyonya mpaka akatembea. Mimi nilikaa nyumbani nikisubiri posa ambazo hazikuja, kwa kuwa hakuna mama wa Ruiri aliyetaka binti wa mjane mwenye maziwa. Mwisho nilipata mume mbali, upande wa Embu, mkulima wa chai karibu na Runyenjes, aliyefiwa na mke akabaki na watoto wawili. Alikuwa mtu mwema na nilimheshimu. Lakini sikumchagua kwa moyo. Nilimchagua kwa umbali. Nakuambia haya ili ujue kwamba neno linalosemwa sokoni kwa dakika moja linaweza kumhamisha mtu wilaya.

Mama alifariki kwa ugonjwa wa kifua wakati Kendi akiwa darasa la sita. Nilitoka Runyenjes nikawakuta watu wachache uani. Nilikwenda mwenyewe kanisani kuomba mtu wa kuja kusali. Niliambiwa marehemu hakuwahi kutubu. Kina mama wa chama hawakuja kupika. Ciokaraine alikuwa ameshatangulia. Waliochimba kaburi ni watu wa ukoo, nao walifukia kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake aanze kuomba. Bi Zeinabu alikuja kutoka mjini na mumewe, wameleta sukari, majani ya chai na unga. Alijifunga leso akaingia jikoni, mgeni yule, akatupikia sisi wenyeji.

Kendi aliniuliza kaburini, "Mama mdogo, mbona hawaimbi?"

Nilianza wimbo mimi. Kendi akaudaka. Tuliimba wawili.

Miaka mingi ikapita. Ukafika wakati wa ukimwi, watoto yatima walipokuwa wengi, na kila nyanya ana kichanga cha marehemu mgongoni. Nilikuwa nimekwenda Ruiri kuangalia shamba, nikaambiwa kuna mkutano wa kina mama kwenye kliniki. Niliingia nikaketi nyuma. Muuguzi kijana alikuwa anafundisha. Alisema titi la mwanamke, hata wa makamo, hata aliyekaa miaka bila kuzaa, linaweza kuamshwa likatoa maziwa, mtoto akinyonya mara kwa mara na mama akila na kunywa vizuri. Alisema si uchawi, si dhambi, ndivyo mwili ulivyoumbwa.

Mbele kabisa, kwenye kiti, alikuwa Mama Mugambi, amezeeka, anaheshimiwa. Aliinua mkono.

"Mwalimu anasema kweli," aliwaambia wanawake wadogo. "Hayo sisi tuliyajua zamani. Hata hapa Ruiri alikuwepo mama mmoja, alimlea mjukuu wake kwa titi mpaka akawa mkubwa. Sisi tulimwona."

Wanawake wakapiga makofi.

Nilisimama. "Mama huyo aliitwa nani?" niliuliza.

Aligeuka taratibu. Alinitazama, na nikaona kwamba amenijua. Nilingoja. Ningepokea neno moja tu, mwanangu, hata nusu ya neno.

"Ah, Karimi," alisema. "Ulifika lini? Huko Embu kumenyesha?"

Nilimjibu kumenyesha. Kisha nikatoka, kwa sababu niliona tukiendelea nitamvunjia heshima mwanamke mzee mbele ya watu, na sauti ya mama yangu ilikuwa bado inaniambia nikae. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliipima kwa maisha ya mama yangu yote, nikaona inafika mbali sana, na mwisho wake mwongo anapigiwa makofi.

Najua unangoja niseme nimesamehe. Mama alisamehe; nilimsikia akiwaombea kwa majina, Mama Mugambi akiwemo. Mimi bado. Naogopa kukudanganya juu ya jambo hilo, maana nikikudanganya hapo hutaniamini kwa mengine.

Lakini nasaha ninayo, na ndiyo hii. Mwili wa mtu ni wa ajabu kuliko akili ya jirani yake. Utaona mambo katika miili ya watu ambayo hukufundishwa: mtu aliyekosa usingizi na hafi, mtoto asiyehisi moto, mwanamke anayetoa maziwa kwa huruma tu. Usilolijua ni usiku wa kiza. Basi ukiwa gizani, simama, usirushe mawe. Uliza. Panda baiskeli uende ukaulize anayejua. Ukikosa wa kumwuliza, nyamaza, kwa kuwa kunyamaza hakujamuua mtu asiye na hatia. Na siku utakapogundua kwamba ulikosea, usiongee habari za mvua. Mwendee mtu huyo angali hai, umtaje kwa jina lake. Na wewe, kama siku moja utalazimika kuchagua kati ya mtoto anayelia na sifa yako mbele ya watu, mchukue mtoto. Itakugharimu. Sikuahidi kwamba watu watakuelewa baadaye. Lakini Kendi yu hai, ana watoto watatu, na mdogo wao amepewa jina la mama yangu.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe kifua kipana na ulimi mfupi. Usikose maji nyumbani kwako, wala mtu wa kuanza wimbo siku yako ya mwisho. Na wale watakaokuhukumu wakuulize kwanza. Thaai, na iwe amani kwako.